Kabla ya saruji, hesabu ndoo

(Maneno niliyowaambia wafugaji wa maziwa wa Goma na vijiji vya jirani kuhusu mtambo wa gesi ya mavi ya ng'ombe, uani kwa parokia moja upande wa Munigi. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokaa nyuma wasisikie vizuri, na wale ambao mvua ya Kibumba iliwazuia.)

Jambo yenu, wababa. Jambo yenu, wamama. Wazee wetu, vijana, na nyinyi mliofika alfajiri na vidumu vya maziwa, karibuni sana.

Nimeomba tukae uani badala ya ndani, mnivumilie kwa jua hili. Sababu ni huu mpira uliolala hapa chini. Ni mpira wa ndani wa tairi la trakta. Kijana wangu ameuleta juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao, kutoka nyumbani, umejaa gesi ya mavi ya ng'ombe. Kwanza tuliukamua mpaka ukawa bapa kama ngozi iliyowambwa, hewa yote ikatoka, ndipo tukaufunga kwenye bomba la mtambo ukajaa. Juu yake tumelaza ubao, na juu ya ubao jiwe la volkano, maana gesi hii ni pole, inahitaji kukandamizwa kidogo ndipo itembee. Kule mwisho kuna jiko, na juu ya jiko birika la chai. Mama, washa kiberiti kwanza. Umewasha? Sasa kijana afungue polepole. Siku zote kiberiti kitangulie, gesi ifuate. Haya. Mwali wake ni wa buluu, juani hamwezi kuuona vizuri, lakini aliye karibu asogeze kiganja atajua kama upo.

Tuache maji yachemke. Nitasema kwa muda ambao gesi hii itadumu.

Sisi watu wa Goma gesi tumeijua kabla hatujaisoma. Ndani ya ziwa letu la Kivu kuna metani, gesi inayowaka, inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60, na gesi ya kaboni, yaani kaboni dioksidi, karibu 300, zote zimeyeyuka katika maji ya kina kirefu na kushikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu. Hapo ng'ambo Rwanda, Gisenyi, kiwanda cha bia kilianza kuichoma metani hiyo mwaka 1963. Huko Karongi kuna kituo kinachoivuta kutoka ziwani na kufua umeme wa megawati 26. Wengi hudhani gesi hiyo yote ni moshi wa volkano. Gesi ya kaboni ndiyo yenye asili ya volkano kwa sehemu kubwa. Metani ni kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kule chini pasipo hewa, vikila mabaki yaliyooza, na vingine vikiigeuza hiyohiyo gesi ya kaboni. Vijidudu vya ukoo huo vimo tumboni mwa ng'ombe wako. Ndivyo vilivyoujaza mpira huu.

Mwaka 1776 Mtaliano aitwaye Alessandro Volta, yule ambaye volti za umeme zimepewa jina lake, alichokoa tope la ziwa Maggiore kwa fimbo, akakinga mapovu ndani ya chupa, akayawasha. Fimbo, tope na chupa, basi. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wafugaji wakiogopa neno «mtambo» wakidhani ni mambo ya injinia na mashine. Hakuna mashine. Kuna tumbo.

Ng'ombe mwenyewe ni mtambo. Akilala kucheua utamsikia akibeua. Ng'ombe mzima hutoa lita 250 hadi 500 za metani kwa siku, na karibu yote hupitia mdomoni. Hiyo hatuwezi kuikinga. Lakini mavi anayoangusha bado yana chakula ambacho tumbo lake halikukimaliza, na vijidudu tayari vimo ndani. Hatununui chachu, hatununui dawa ya kuanzishia. Tunayachanganya na maji, tunayafungia mahali pasipoingia hewa, tunasubiri.

Ndani ya tangi kuna makundi ya vijidudu yanayopokezana kazi. Wa kwanza huvunjavunja majani yaliyotafunwa na kuyafanya laini kama sukari. Wanaofuata huigeuza sukari hiyo kuwa uchachu wa namna nyingi, na wengine tena huulainisha uchachu huo mpaka unafanana na siki. Mwishoni kabisa ndio wanakaa watengeneza metani, wanaokula siki na kutoa gesi. Sasa nisikilizeni hapa, maana shida zote nilizoziona katika kazi hii zimetoka hapa. Wale wa uchachu ni wepesi, huzaana kwa masaa. Watengeneza metani ni wazito, huhitaji siku kadhaa kuongezeka mara mbili. Ukilisha tangi kwa pupa, wepesi wanakimbia, wazito wanaachwa nyuma, uchachu unajaa, na hao wazito hawauwezi. Gesi inaendelea kutoka, lakini ni gesi ya kaboni, ukiiletea kiberiti inakizima.

Mimi yamenipata. Jirani yangu anatengeneza fromaji, yaani jibini, kwa maziwa ya Masisi. Mnajua kwamba lita 10 za maziwa hutoa kilo moja hivi ya fromaji, na lita tisa zinazobaki ni yale maji ya kijani kijani ambayo wengi humwaga. Aliniuliza kama mtambo wangu unayataka. Nikasikia kwamba yana sukari nyingi, na kweli yanayo. Nikamwambia alete. Siku ya kwanza bidoni moja, lile dumu la lita 20, gesi ikapanda kwa ajabu, nikafurahi. Siku ya pili bidoni tatu. Siku ya tano nilipoinama kwenye tundu la kutokea nikasikia harufu kali ya maziwa yaliyochacha, macho yakanichoma. Jiko likawa linapuliza tu. Mke wangu akarudi kwenye mbabula na makala, yaani jiko la makaa, karibu mwezi mzima, na hakusema neno, ndiyo iliyoniuma zaidi. Niliacha kulisha kabisa kwa majuma mawili, nikaweka chokaa kidogo, nikaenda kwa rafiki wa Kibumba nikaomba bidoni nne za uji unaotoka kwenye mtambo wake mzima, nikamimina. Moto wa buluu ukarudi kidogo kidogo. Leo natia maji ya fromaji lita tatu kwa siku, si zaidi, na yanasaidia.

Nimewaambia hilo kwanza ili mjue kwamba mtambo hufa kwa kulishwa vibaya au kwa kutolishwa. Ukuta kupasuka pia kupo, nitafika hapo. Lakini mitambo mingi niliyoiona imekufa ilikuwa na kuta nzima kabisa.

Miaka ya nyuma nilikuwa mwashi katika mradi mmoja, jina lake sitalitaja. Tulijenga mitambo kwenye vijiji kadhaa. Saruji ilifika kwa lori, picha zikapigwa, tukaondoka. Baada ya mwaka nilipita kwa mama mmoja ambaye tangi lake nililipiga lipu kwa mikono yangu. Lile beseni la kuchanganyia uji lilikuwa na majani makavu ndani, na kuku alikuwa ametaga humo mayai saba. Mama akanikaribisha vizuri, akanipa mahindi ya kuchoma, yamechomwa kwa makala. Nikamwuliza kulikoni. Akasema ng'ombe wake mmoja hushinda malishoni, jioni akirudi anaangusha kidogo tu, na maji ananunua kwa bidoni pale kwenye robineti, sasa achague kuwapa maji watoto, ng'ombe, au tangi. Alinijibu kwa upole, kana kwamba kosa ni lake. Kosa lilikuwa letu. Hakuna mtu miongoni mwetu, nami nikiwemo, aliyemwuliza siku ya kwanza: mama, una ndoo ngapi za mavi na bidoni ngapi za maji kwa siku?

Ndiyo maana leo nataka tuhesabu ndoo kabla mtu yeyote hajataja saruji.

Ng'ombe wa maziwa anayefungwa nyumbani mchana na usiku, akikatiwa matete na kupewa pumba, hutoa kama kilo 20 za mavi kwa siku. Anayekwenda malishoni utaokota kilo 10 asubuhi, pengine chini ya hapo. Kilo moja ya mavi mabichi, tangi likiwa na joto la kutosha, hutoa lita 35 hadi 40 za gesi. Kwa hiyo ng'ombe wawili wa nyumbani ni kilo 40, gesi lita 1,400 au kuzidi kidogo. Jiko moja hunywa lita 300 mpaka 400 kwa saa. Umepata moto wa saa tatu na nusu, au nne. Ndani ya hizo weka chai ya asubuhi, maharagi ya watu wanane, bugali ya jioni, na maji ya vuguvugu ya kuoshea viwele kabla ya kukama. Familia imepika.

Na kila kilo ya mavi inadai lita moja ya maji. Kilo 40, lita 40. Hizo ni bidoni mbili za njano, kila siku ya Mungu, Noeli na siku ya kilio pia. Uji wa lita 80 unaingia, mbolea ya lita 80 inatoka upande wa pili. Kwa joto letu la nyuzi 20 hivi, uji unatakiwa kukaa ndani siku 60 ndipo uive. Zidisha 80 kwa 60, unapata lita 4,800. Ongeza nafasi ya gesi kukaa, unafika mita za ujazo 6. Hilo ndilo tangi lako. Atakayekuja na ramani ya mita 10 kwa sababu ndiyo ramani aliyo nayo, mwulize uji wa kulijaza utatoka wapi, na kama hana jibu, mpe chai na umshukuru kwa safari yake.

Maji. Hapa nataka tukae kidogo, maana Goma si Masisi. Kule Masisi kuna vijito kila bonde. Sisi tumejenga juu ya mawe ya volkano, mvua inanyesha na kuzama, hakuna mto. Mji umelala kando ya ziwa na wamama wanapanga mstari wa bidoni tangu saa kumi na moja ya asubuhi. Mtu akikuambia ongeza bidoni mbili kwa ajili ya tangi, anamwambia binti yako, si wewe. Kwa hiyo tuzungumze kuhusu mabati. Kila mita moja ya mraba ya bati, mvua ya milimita moja ikinyesha, hukupa lita moja. Zizi lenye paa la mita za mraba 30, mvua moja nzuri ya milimita 20, ni lita 600. Hizo ni siku 15 za mtambo, kutoka mvua moja, bila mtoto kwenda ziwani. Miezi ya mvua kwetu ni mingi. Anayetaka gesi aanze na mfereji wa mabati na pipa. Hata akishindwa kujenga mtambo, maji atakuwa nayo.

Kuna na mkojo wa ng'ombe. Ukisakafia zizi lenye mteremko kidogo na mfereji, mkojo unakusanyika wenyewe na unachukua nafasi ya sehemu ya maji. Sehemu, nasema, kama robo hivi. Ukijaza mkojo mtupu utazidisha amonia, ile harufu inayochoma pua zizini, na vijidudu vya metani vitalegea. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kama hayana sabuni. Maji ya dawa ya kuulia viini tunayosugulia vyombo vya maziwa hayafai kabisa, hata kikombe. Na ng'ombe aliyechomwa sindano ya kuua bakteria, kama oksitetrasaiklini, mavi yake yatupwe kando mpaka siku za kuacha kuuza maziwa yake zipite. Sheria ileile ya maziwa, iwe pia ya mavi.

Naona birika linaanza kuimba. Mama, tia majani ya chai.

Sasa hilo la ukuta. Anayeishi Masisi penye udongo atachimba shimo la mviringo kwa siku mbili, atajenga kuba la matofali chini ya ardhi, na udongo utalikumbatia pande zote. Kuba la namna hiyo likijengwa vizuri hudumu miaka 20. Hapa kwetu, aliyewahi kuchimba choo Munigi anajua. Tulipiga nyundo na patasi majuma matatu tukapata kimo cha mtu mfupi. Lava iliyomwagika mwaka 2002 imepita katikati ya mji na bado kuna viwanja ambavyo jembe halijagusa udongo. Tena jiwe letu lina vitundu kama mkate. Kwa ukuta wa chini linafaa sana, lakini kuba la kushika gesi ukilijenga kwa jiwe hilo litavuja, hata ulipige lipu ya tabaka tano.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya ujenzi vilivyoandikwa kwingine havilitaji. Mnakumbuka siku zilizofuata tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Volkano ilikuwa imenyamaza, lakini ardhi ilitetemeka mchana na usiku, nyumba zikapasuka hapa na Gisenyi. Kuba la saruji lenye ufa mwembamba kama unywele halishiki gesi tena. Kwa sababu hiyo mimi, mwashi, mtu ninayekula kwa saruji, siku hizi wafugaji wa Goma mjini na wa vijiji vya Nyiragongo nawashauri mfuko wa plastiki mzito, uliolazwa kwenye shimo refu lisilo na kina, kuta zake za mawe yetu zimesawazishwa kwa mchanga laini, na juu paa. Ardhi ikitikisika mfuko unacheza nayo. Adui zake ni jua, panya na mbuzi. Hautadumu kama kuba, miaka michache utaubadilisha. Lakini unajengwa kwa siku tatu, na ikibidi kuhama, unakunjwa. Sihitaji kuwaeleza watu wa hapa kwa nini naongeza neno hilo la kuhama.

Baridi nayo ni mpinzani. Vijidudu hivi vinapenda nyuzi 35, sawa na tumbo la ng'ombe kukaribia. Vikishuka chini ya nyuzi 15 vinasinzia. Watu wa Kibumba wananiambia gesi yao hupungua miezi ya baridi wakidhani mtambo umeharibika. Hapana, umelala. Zungushieni tangi chungu ya samadi na majani, maana samadi inayooza hewani hutoa joto lake yenyewe. Na uji usiingizwe alfajiri. Changanyeni saa nne kwa maji yaliyokaa juani kwenye bidoni nyeusi, uache hapo uote jua, saa nane uingie. Jambo dogo, lakini jiko linalijua.

Mtu alipita asubuhi hii akaniuliza kwa nini taa yake ya gesi inakohoa usiku, mwali unapanda na kushuka. Ni maji. Gesi inatoka tangini na unyevu, ikifika kwenye bomba lenye baridi inageuka matone, matone yanajikusanya mahali bomba limelegea kama tumbo la kamba ya nguo. Bomba liwe na mteremko mmoja tu, na sehemu ya chini kabisa weka chupa ya kunasia maji. Na ile harufu ya yai viza ni gesi ya salfa, kidogo tu lakini hula chuma cha jiko. Jaza kipande cha bomba kwa uzi wa chuma wa kusugulia sufuria, ulioshika kutu, gesi ipite humo. Chuma kitaimeza salfa badala ya jiko lako.

Sasa nasimama, hili naliongea nimesimama. Mazuku mnayajua. Kila mmoja wetu ana ndugu au jirani aliyepoteza mbuzi, mbwa, na wengine Mungu awafariji, mtoto, kwenye bonde la mazuku asubuhi ya utulivu. Mazuku ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa, inalala mahali pa chini, haionekani, na pumzi mbili tatu zinatosha. Tangi lililofunguliwa ni bonde la mazuku. Karibu nusu ya gesi iliyomo ni hiyohiyo, pamoja na ile ya salfa ambayo ikiwa nyingi huua haraka zaidi, na hewa ya kupumua hakuna. Mtu asiingie tangini kuzoa mchanga, hata kwa dakika moja, hata amefunga kitambaa. Na mwenzako akianguka ndani usiruke kumfuata, maana hivyo ndivyo watu watatu wanavyokufa mahali pa mmoja. Kama lazima kusafishwa, tangi litolewe uji wote, likae wazi siku nyingi likipepewa, anayeshuka afungwe kamba, na watu wawili wenye nguvu wabaki juu. Wala usimulike kwa kibatari. Metani ikichanganyika na hewa, ikiwa asilimia 5 hadi 15, hulipuka. Hata gesi ya siku za mwanzo kwenye mtambo mpya tunaiachia nje bila kuiwasha, kwa sababu ina hewa ndani.

Nimemaliza hilo. Nakaa.

Wazee wawili walinijia jana wakasema: gesi sawa, lakini shamba langu litakosa samadi. Nimefurahi kwamba waliuliza. Kinachopanda kuwa gesi ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu, yaani chakula chenyewe cha mmea, vinabaki vyote ndani ya ile mbolea ya maji. Tena sehemu ya naitrojeni imekwisha kulainika kuwa amonia, mizizi inaipokea upesi. Ndiyo maana pia inapotea upesi ukiianika juani, kwa hiyo ifunikwe kwa majani ya ndizi na imwagwe jioni. Kwangu mimi hii ni faida kubwa kuliko moto, na najua wamama hawatakubaliana nami. Pale nyumbani nina kiwanja kilichokuwa jiwe tupu. Nimejaza magunia udongo kiasi na majani makavu, kila juma nayanywesha mbolea ya maji iliyozimuliwa. Lenga-lenga, yaani mchicha, inatoka mpaka majirani wanaomba. Mwaka wa tatu huu, na kati ya magunia udongo mweusi umeanza kushika juu ya lava, nimepanda matete humo, matete yanarudi kwa ng'ombe. Ila kwa mboga zinazoliwa mbichi, nyanya za kachumbari na saladi, msiimwagie. Tangi la joto letu haliui mayai yote ya minyoo wala viini vyote.

Kuhusu makala sitasema mengi, mnayajua magunia yanatoka wapi, na msitu wa Virunga uliolindwa tangu 1925 unaonekana kutoka hapa tulipoketi. Mtambo mmoja hauwezi kuuokoa msitu. Unaweza kuokoa gunia ambalo ungelinunua wewe mwezi huu.

Na sasa wale ambao nawaomba wasijenge. Mwenye ng'ombe mmoja wa kuzurura, asijenge, amfunge kwanza. Mwenye ng'ombe wake wako Masisi na yeye yuko mjini, asijenge, mavi hayatasafiri. Asiye na maji, aanze na mabati. Mwenye nyumba ambayo hakuna mtu mmoja, mwenye jina, aliyekubali kwa mdomo wake kwamba kulisha tangi ni kazi yake kila siku, asijenge. Majirani zetu wa Rwanda walianzisha mpango wao wa mitambo ya nyumbani mwaka 2007, wakajenga maelfu, na mingi ilikuja kusimama. Ukimkuta fundi wa kule atakuambia habari ileile ya mama yangu wa mayai saba: ng'ombe ameuzwa, maji yako mbali, aliyekuwa akilisha ameolewa.

Mama kule nyuma ameinua mkono. Ameuliza kama chakula kitanuka mavi. Mama, harufu unayoisikia pale tangini ni salfa, ikiungua inakwisha. Lakini usiniamini mimi. Chai iko tayari, mpeni mama kikombe cha kwanza, asitiwe sukari nyingi ili aonje vizuri.

Haya, ubao unakaribia kugusa ardhi na mwali umekuwa mfupi. Kijana, funga. Vikombe ni vichache, tupokezane. Mwenye karatasi aandike: ng'ombe wangapi, wanalala wapi, bidoni ngapi, paa la mita ngapi, nani atalisha. Anipe kabla hajaondoka. Kesho saa mbili nitaanza kupita nyumba kwa nyumba kutoka upande wa Kanyaruchinya, nami nitakuja na mizani tu.